Miezi 3 na programu ya maswali ya NCLEX: nilichosoma na nilichoacha

Mimi ni muuguzi A1 (ngazi ya chuo cha juu), naishi Katuba hapa Lubumbashi. Najiandaa kwa NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi unaotumika Marekani na Kanada. Miezi 3 iliyopita nililipia programu ya maswali kwenye simu, na wenzangu wa kazini wananiuliza kila siku kama inafaa.

Inafaa. Lakini mwezi wa kwanza niliupoteza wote, na kosa halikuwa la programu peke yake. Inapanga maswali kwa mifumo ya mwili: moyo, mapafu, figo, uzazi. Mimi nimefanya kazi maternité, wodi ya uzazi, miaka mingi, basi nikakimbilia uzazi. Alama zikapanda, nikafurahi. Nilipofanya mtihani wa majaribio nikaanguka vibaya.

Binamu yangu aliye Kanada akaniuliza kwa simu: “Yaya, plan ya mtihani umeisoma?” Ni karatasi inayoonyesha kila somo lina maswali kiasi gani, na sikujua hata kama ipo. NCSBN, baraza linalotunga mtihani huo, huiweka bure kwenye intaneti. Katika plan iliyoanza Aprili 2023, fungu kubwa kuliko yote ni usimamizi wa huduma, 15 hadi 21% ya maswali. Dawa ni 13 hadi 19%. Uzazi hauna hata fungu lake: umo ndani ya ukuzaji wa afya, ambao wote kwa jumla ni 6 hadi 12%. Niliisoma mara mbili usiku ule.

Usimamizi wa huduma ndio unaotuumiza sisi wa huku. Wanauliza kazi gani umwachie msaidizi, ipi muuguzi wa ngazi ya chini, ipi ubaki nayo mwenyewe. Katika salle zetu, yaani wodi, mgonjwa huogeshwa na kulishwa na garde-malade wake, ndugu anayemtunza, na muuguzi mmoja anafanya yote mengine. Ilibidi nijifunze upya kwamba kumchunguza mgonjwa kwa mara ya kwanza, kumfundisha na kutathmini matokeo, muuguzi mwenye leseni hamwachii msaidizi.

Swali moja sitalisahau. Wagonjwa wanne, nani umwone kwanza? Mmoja ametoka kufanyiwa upasuaji na analia kwa maumivu. Mwingine ana pumu, alikuwa anakoroma kifuani, sasa kifua kimenyamaza. Nikachagua anayelia, maana ndivyo tulivyozoea. Maelezo ya programu yakanionyesha kwamba kifua cha mwenye pumu kikinyamaza ghafla, huenda hewa haipiti tena. Nilikaa na simu mkononi, nikiwakumbuka wagonjwa wangu. Kwa maelezo ya namna hiyo tu, pesa yangu sijutii.

Kwenye dawa, jihadharini na majina. Paracetamol yetu kule ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol. Na furosemide iitwe furosemide, si Lasix, jina la kibiashara. Nimeyaandika kwenye daftari, ukurasa mzima.

Ubaya wake: inakula mega (data za intaneti) sana na bila mtandao haifunguki. Umeme ukikatika jioni, kusoma kumekwisha. Sasa nanakili maswali niliyokosa kwa kalamu, pamoja na sababu, nayasoma asubuhi nikisubiri basi. Pia hakuna mahali inapokuonyesha alama zako kwa mafungu ya plan, nimelazimika kuhesabu mwenyewe. Kwa bei ile, hilo halikubaliki.

Mtihani wenyewe ni maswali 85 hadi 150 kwa saa 5, na kompyuta inakuongezea ugumu kadiri unavyojibu vizuri. Nimelipia mwezi mmoja zaidi. Maswali 40 kila siku: nusu ni usimamizi na dawa, uzazi nimeuachia Jumapili.