Klachi ya feni imekwisha: ipi ununue kabla hujashika spana

Gari likichemsha kwenye foleni, au mlimani likiwa na mzigo, kisha geji ikashuka mara tu barabara inapofunguka na upepo kuingia, mimi huanza kuishuku klachi ya feni, yaani kile kiungo kinachoibeba feni ya rejeta na kuishikisha na mzunguko wa injini. Zima injini ikiwa bado ya moto, subiri mapanga ya feni yasimame kabisa, kisha yasukume kwa mkono. Klachi nzima huwa nzito, kama inazunguka ndani ya asali. Iliyochoka huzunguka raundi tatu au nne yenyewe. Mulika tochi kwenye ile springi iliyojikunja mbele yake: ukiona vumbi jeusi lililolowa, limetawanyika kutoka katikati kama miale ya jua, oili ya silikoni, ile nzito ya ndani inayoifanya klachi ishike, imeshavuja. Shika ncha ya panga na uivute mbele na nyuma. Ikicheza zaidi ya milimita 6 hivi, beringi imekwisha.

Kinyume chake ni klachi iliyoganda, inayounguruma muda wote na kula mafuta. Ila ule mngurumo wa dakika moja au mbili asubuhi usikutie hofu, maana oili hushuka usiku na kujaa kwenye chumba cha kazi, pale ndani klachi inaposhikia, kisha hurudi mahali pake. Na tafadhali usijaribu kuisimamisha feni kwa gazeti lililokunjwa injini ikiwa inanguruma. Panga halichagui gazeti na vidole.

Sasa ununue ipi?

Ya kwanza kwangu ni klachi inayofuata joto, yaani ile ambayo springi yake ya mbele huifanya ishike zaidi joto linapopanda, yenye namba ileile ya kiwandani, kutoka kwa kampuni iliyotengeneza ile ya mwanzo. Kwa Toyota nyingi jina utakalolikuta limepigwa kwenye chuma ni Aisin. Haihitaji ubunifu wowote: urefu wa shafti, matundu ya bolti, upande wa kuzunguka na joto la kushika vyote vinalingana. Kama gari lako linafanya kazi ileile lililoundiwa, usitafute zaidi.

Ya pili, na kwa anayevuta tela au kubeba mzigo kila siku naipandisha hadi ya kwanza, ni klachi ya kazi nzito inayofuata joto, kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana kama Hayden au BorgWarner. Tofauti yake iko kwenye mshiko. Injini ikiwa moto, klachi ya kawaida huzungusha feni kwa takriban asilimia 50 hadi 60 ya kasi ya shafti inayoibeba, wakati ya kazi nzito hufika hata asilimia 80 au 90. Utaisikia ikishika, na mafuta kidogo yataongezeka, lakini geji itatulia pale kwenye mlima uliokuwa unakutoa jasho.

Ya tatu ni kuijaza oili ileile uliyonayo. Baadhi ya klachi, hasa za Toyota, zina bolti na zinafunguka, na oili ya silikoni huuzwa kwenye vichupa vya mililita 18 kwa unene tofauti, kama 3,000, 6,000 na 10,000. Ni njia nzuri ikiwa beringi ni nzima na hakuna mahali panapovuja. Ikiwa inavuja, unamwaga oili yako chini.

Klachi ya umeme, ile yenye waya inayoamriwa na kompyuta ya gari, inunue tu kama gari lilikuja nayo, na hapo usiibadilishe kwa ya springi, kwani taa ya injini itakusumbua. Feni za umeme kamili nimeziona zikifanya vizuri kwenye gari dogo. Kwenye gari la mzigo zinataka waya mnene, rilei (swichi ya kuwashia umeme mkubwa) nzuri na alteneta yenye nguvu, na wengi huruka hayo yote matatu.

Klachi isiyofuata joto ni ya bei rahisi, lakini hushika muda wote kwa nguvu ndogo, kwa hiyo siipendekezi mahali palipokuwa na ile ya joto. Iliyotumika inashika mkia: huwezi kujua oili iliyobaki ndani, na mara nyingi imelazwa kifudifudi kwenye rafu miezi mingi hadi oili ikahama. Hata mpya, ihifadhi ikiwa wima. Kuipiga bolti klachi igande moja kwa moja siihesabu hata kama chaguo. Mapanga hayakuundwa kukimbia na injini mpaka mwisho, na yakikatika hupita kwenye rejeta.

Dukani, kabla hujalipa, hakikisha upande wa kuzunguka. Injini zenye mkanda mmoja mrefu mara nyingi huzungusha pampu ya maji kinyume. Niliwahi kuuziwa klachi iliyokaa sawa kwenye kila tundu, ikazunguka kwa raha, na injini ikachemsha siku ileile. Ilikuwa ya upande mwingine, na mle ndani oili haikuwa inasukumwa inakotakiwa.

Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Injini iwe baridi, toa waya hasi wa betri, fungua kava la feni, na uweke kipande cha kadibodi mbele ya rejeta. Usikisahau hicho, maana mapezi ya rejeta hulala kwa kuguswa tu. Nyingine zimefungwa kwa nati nne ndogo; nyingine kwa nati moja kubwa, ya milimita 32 au 36 kwa mfano. Hiyo kubwa huwa na uzi unaojikaza kadiri injini inavyozunguka, kwa hiyo angalia kwanza kama ni wa kushoto au wa kulia kabla ya kupiga nyundo kwenye spana.

Klachi ikishatoka, zungusha shafti ya pampu ya maji kwa mkono. Ikikwaruza au kucheza, nunua pampu pia leo, kwa sababu feni iliyoyumba kwa miezi imeshaitafuna beringi yake. Kagua mapanga pia, kwenye mashina. Lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, halirudi kwenye gari.