CD ya hapsikodi yenye kuku ndani yake (nimekaa nayo wiki 3)

Niseme mapema, usiisikilizie hii CD kwenye spika za TV. Mi ndo nilivyoanza, nimeichomeka kwenye deki jioni nimechoka, mke wangu akatoka jikoni, "baba watoto, hiyo deki ndo imekufa tena?" maana kiukweli ilikuwa inasikika kama mtu anatikisa funguo ndani ya kopo. Kesho yake nikaibeba kanisani, mazoezi yalipoisha nikaweka kwenye ampulifaya ya kwaya, sauti chini kabisa, aisee, kumbe ni kitu kingine.

CD amekuja nayo mwalimu wetu wa kwaya hapa Kigoma. Ni mama mmoja anapiga hapsikodi peke yake mbele ya watu, imerekodiwa hapohapo ukumbini, mtu akikohoa unamsikia. Vipande vifupi vifupi vya utani, vingi dakika 2 au 3, vya miaka ya 1700 huko Ufaransa, na kimoja cha Scarlatti, yule Mwitaliano aliyefia Madrid.

Kwa asiyeijua hapsikodi, ni kinanda cha zamani cha nyuzi, na sauti yake ni ile iliyomo kwenye kinanda cha kwaya ambayo wote tunaipita tukikimbilia ogani. Ndani yake hakuna nyundo kama za piano. Ukibonyeza kitufe kuna kijiti kinapanda, kina kijino pembeni, kile kijino kinakwanyua uzi, basi, kijiti kikirudi chini kitambaa kinauzima uzi. Zamani kijino kilikuwa cha unyoya wa ndege, kunguru mara nyingi, siku hizi wengi wanaweka plastiki. Watu wa Ujiji nikiwaambia ni kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, iliyowekewa vitufe watanielewa haraka zaidi kuliko haya maelezo yote. Na ndo hapo ugumu ulipo, ubonyeze kwa hasira ubonyeze kwa upole sauti inatoka ileile, huwezi kuficha makosa kwa kupiga kwa nguvu kama tunavyofanya sisi siku ya Pasaka. Mpigaji kilichobaki mkononi mwake ni muda tu, aicheleweshe noti, aing'ang'anie, aiachie mapema, aizungushe. Huyu mama kwenye kuchelewesha ni fundi, kuna sehemu anakata kabisa, kimya, unadhani CD imekwama, halafu anarudi.

Sasa kuku. Kipande kinaitwa "La Poule", yaani kuku jike, katunga Rameau kwenye miaka ya 1720 mwishoni. Mwalimu akaniambia chini ya noti za mwanzo mtunzi mwenyewe ameandika co co co co co co co dai, nikajua ananitania, akanionyesha karatasi, kweli ipo! Yaani kuku wa Ufaransa wa miaka 300 iliyopita akitaga anapiga kelele zilezile za huyu wa kwangu hapa Mwanga anayetagia kwenye kapu la mkaa. Nimecheka sana. Ila hapa nina lawama, mama anamfanya kuku awe mkali mno, ile ko-ko-ko inatoka kama anagombana na mtu, wakati kuku akitaga anajisifu jamani, hagombani. Kuanzia katikati ndo anamwachia kuku apumue na panakuwa patamu.

Kipande cha ndege kekeo, cha Daquin (1735), ndo kipenzi changu. Mkono wa kulia unakimbia muda wote hauna habari na mtu, wa kushoto unaingiza noti mbili tu, ya juu ya chini, ya juu ya chini, ndo ndege huyo. Nikamkumbuka dudumizi, ambaye ni wa ukoo huohuo, akilia huku watu wanaanua nguo wanasema mvua inakuja. Hiki anakipiga bila haraka wala madoido na ndo kinavyotakiwa.

Kuna kingine cha Couperin cha 1722, "Le Tic-Toc-Choc", hiki kimeandikwa kwa hapsikodi yenye safu mbili za vitufe, mkono mmoja juu mwingine chini lakini noti za mikono yote miwili ziko eneo moja, zinapishana. Nilijaribu kwenye kinanda chetu chenye safu moja vidole vikagongana kama bodaboda kwenye kona, nikaacha. Na ukitaka kufuatisha CD kumbuka kushusha kinanda nusu sauti, bonyeza transpozi minus moja, maana hapsikodi hii imefungwa kizamani, noti ya "la" inatetemeka mara 415 kwa sekunde badala ya 440. Mi nilihangaika siku nzima nadhani sikio langu limeharibika.

Ya Scarlatti ni ile inayoitwa fuga ya paka (fuga ni muziki ambao sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule), iliyochapwa 1738, watu wanasimulia paka wake alitembea juu ya vitufe akapata wazo. Hilo jina la "fuga ya paka" limebandikwa baadaye, si yeye aliyelitoa, na kwa anavyoipiga huyu mama paka mwenyewe kalala. Nzito mno katikati ya utani wote ule, mi huwa naruka.

Nyingine zinapita tu, hazikai kichwani.

Usisikilize yote kwa mkupuo mmoja, baada ya nusu saa masikio yanachoka kwa sababu sauti haipandi haishuki. Vipande vinne vitano asubuhi ukiwa unachambua dagaa, hapo utaifurahia. Nampa mama 4 kati ya 5, hiyo moja kaidai kuku.

CD inarudi kwa mwalimu Jumapili, anayeitaka awahi kwake. Ya saba inaruka kidogo mwanzoni, ilikuwa hivyo kabla haijafika kwangu, msije mkanisingizia.