TAHADHARI: Waya za "shaba" zinazopitishwa saiti Mwanza ni alumini iliyovikwa shaba

Kwa yeyote anayejenga Buhongwa, Nyamhongolo, Usagara, Kisesa na huko pembeni: kuna vijana wanapita saiti kwa saiti na pikipiki, wamebeba rola za waya za umeme, bei karibu nusu ya dukani. Ukiuliza mzigo umetoka wapi, unaambiwa ni masalia ya mradi. Leo mradi ni reli, kesho ni daraja la Kigongo–Busisi. Rola zimefungwa vizuri, zina karatasi ya rangi, zimeandikwa 2.5 (yaani unene wa milimita 2.5 za mraba) na maneno makubwa kwamba ni shaba tupu. Si shaba tupu. Ni alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Na si wa pikipiki peke yao, kwani mzigo huohuo nimeukuta juu ya kaunta ya duka mjini, tena kwa bei ya shaba halisi.

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo naandika kutokana na vitu ninavyovishika kwa mikono.

Ujanja wao ni wa sumaku. Kijana anatoa kisumaku mfukoni, anakigusisha kwenye ncha ya waya, hakishiki. "Umeona mayu? Ingekuwa feki ingenasa." Mteja anaridhika, na fundi asiyejua naye anatikisa kichwa. Jamani, sumaku inanasa chuma. Shaba hainasi, alumini nayo hainasi. Kipimo hicho kinaweza kukuonyesha waya wa chuma uliopakwa rangi na basi. Kati ya shaba na alumini hakina la kusema, na kijana anajua hivyo, ndiyo maana anatembea nacho.

Ujanja wa pili ni kukukatia kipande kwa plaizi mbele ya macho yako. Plaizi inapobana, ile ngozi ya shaba inavutwa na kufunika sehemu iliyokatwa, kwa hiyo ncha inaonekana nyekundu mpaka ndani. Usiangalie ncha iliyokatwa. Chukua tupa au kisu, kwangua ubavuni taratibu, ukishuka kidogokidogo. Kwenye waya wa 2.5 wa aina hii, ngozi ya shaba ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mikwaruzo michache tu unaona weupe wa sufuria. Shaba halisi utaikwangua mpaka uchoke, ni nyekundu hadi katikati.

Sasa kwa nini nalipigia kelele. Niliitwa kwa mama mmoja Buhongwa, mwalimu mstaafu anayeuza barafu na sato waliogandishwa. Soketi ya friza ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua. Akaniambia, "Mwanangu, breka haikuruka hata mara moja, nikajua ni friza lenyewe." Nikazima meinswichi, nikafungua soketi. Uso wa ndani umekuwa wa kahawia, plastiki ya waya mwekundu imekakamaa kama ngozi ya samaki aliyekaushwa, na skrubu ya kubana waya nikaizungusha kwa vidole tu. Nilipochomoa waya, pale skrubu ilipouma ngozi ya shaba imechanika, chini yake weupe wenye ungaunga. Friza halikuwa na tatizo lolote.

Breka kutokuruka ndiko kunakowachanganya wengi. Breka inaangalia umeme uliozidi. Hapo umeme haukuzidi, friza lilikuwa linavuta kiasi chake cha kila siku. Joto lilikuwa linazaliwa pale kwenye kiungio, na breka iko mbali, haina habari.

Shaba inapitisha umeme vizuri sana, kati ya metali ni fedha tu inayoizidi. Alumini inafikia kama asilimia 61 ya uwezo wa shaba kwa unene uleule. Chukua mita 100 za waya wa 2.5: ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni kama ohm 0.7, alumini ohm 1.1, na hii ya kuvikwa iko karibu kabisa na alumini. Maana yake friza lilelile, umeme uleule, lakini waya unapata joto mara moja na nusu. Kwa anayevuta waya mrefu kwenda kwenye pampu ya kisima au bustanini kando ya ziwa, ongeza na volti zinazopotea njiani: pampu inanguruma bila nguvu, halafu mnamlaumu aliyewauzia pampu. (Msijaribu kupima hizo ohm kwa mita za kupimia umeme za bei ya chini. Chini ya ohm moja zinasoma ovyo.)

Joto la waya ni nusu tu ya shida. Alumini ikipata hewa inajivika utando wake mara moja. Utando huo ndio unaoifanya isile kutu kama chuma, lakini haupitishi umeme. Pili, ikipata joto inatanuka zaidi ya shaba, kama theluthi moja zaidi. Tatu, ni laini: ukiibana kwa skrubu inasogea polepole na kukimbia mgandamizo. Unganisha hayo matatu: friza linawaka, waya unatanuka na kujikamua chini ya skrubu, friza linazima, waya unanywea, skrubu inabaki imelegea, utando unajaa mwanya, kiungio kinapata moto zaidi, na mzunguko unaanza upya. Tukiongeza unyevu wa ziwa letu, pale shaba na alumini zinapogusana alumini ndiyo inayoliwa. Ule ungaunga mweupe niliouona ndio huo. Marekani waliyapitia haya: miaka ya 1960 shaba ilipopanda bei, nyumba nyingi mpya zikafungwa waya za alumini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye viungio vyake vikawa chanzo cha moto majumbani.

Mtu asije akanielewa vibaya kwamba alumini ni takataka. Tazama juu kwenye nguzo za TANESCO, zile nyaya nene za njia kuu ni alumini, mara nyingi na nyuzi za chuma katikati za kuzitia nguvu. Kule uzito ndio unaosumbua, na alumini ni nyepesi kiasi kwamba hata ukiinenepesha ili ipitishe umeme sawa na shaba, bado ina nusu ya uzito wake. Lakini kule inawekwa nene kwa makusudi, inabanwa kwa viungio vyake maalumu, na kila mtu anajua ni alumini. Madirisha, sufuria, mabati mengine, yote alumini na yote sawa. Ninachokataa ni kuuziwa kama shaba, kwa kipimo cha shaba, halafu ikabanwa kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba na kupigwa plasta.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina karibu gramu 9, ya alumini gramu 2.7. Mita 100 za waya wa 2.5, shaba yenyewe bila plastiki ni kilo 2 na robo hivi. Hii ya kuvikwa haifiki hata kilo moja. Ukijumlisha plastiki, rola ya shaba kamili inapita kilo 3, hii nyingine inacheza kwenye 2. Huhitaji maabara, hata mizani ya kupimia sato inatosha. Ukiona rola nyepesi, ama si shaba, ama waya ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, ama mita hazijatimia. Lolote kati ya hayo, rudisha. Akikwambia "hii ni teknolojia mpya, imepunguzwa uzito", ondoka hapo.

Na kama bado unabishana na muuzaji, nenda na kipande kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hao hawadanganyiki, maana shaba wanainunua kwa bei ya juu mara kadhaa kuliko alumini na wakikosea wanakula hasara wenyewe. Nilimpelekea mmoja pale Igoma. Alikikunja kipande, akakikunjua, akakikunja tena, kikakatika. Akacheka. "Kaka, hii weka kwenye gunia la sufuria."

Jina la duka sitaji hapa. Kwanza nahisi na lenyewe limeuziwa na mtu wa jumla, pili kesi ya kuchafua biashara siihitaji. Nimewapelekea vipande TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, na masuala ya bidhaa bandia yanahusu pia Tume ya Ushindani. Ukienda huko nenda na risiti na ile karatasi ya rola. Wa pikipiki hatoi risiti, hilo peke yake lilitosha kumfukuza.

Waliokwisha kufunga: anzeni na soketi za friza, jiko la umeme, hita ya maji, pasi na pampu, kwa sababu ndizo zinazovuta sana. Kifaa kikiwa kimefanya kazi saa moja, gusa uso wa soketi kwa nje. Ukiwa wa moto, au unanuka, zima kwenye meinswichi na uite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Msikaze skrubu wenyewe na kuona mmemaliza, italegea tena. Na msibadilishe breka kuwekea kubwa zaidi, nimeikuta nyumba moja imefanywa hivyo, inatisha.

Kwa yule mama tulianza na laini ya friza na ya jikoni. Kwa bahati waya zilipita ndani ya mabomba, tukafunga mpya kwenye ncha ya ile ya zamani na kuivuta bila kubomoa ukuta. Taa zitafuata akipata hela. Hizo zinavuta kidogo, zinaweza kusubiri, ila viungio vyake nimevipitia vyote.

Vipande nilivyokwangua ninavyo kwenye boksi la vifaa. Anayetaka kuviona na kuvishika kabla ya kwenda dukani aniandikie, jioni huwa nipo Igoma.