FLEx kwa lugha ya kuundwa yenye ngeli: uzoefu wangu

FieldWorks Language Explorer, au FLEx kwa kifupi, ni programu ya kutunza kamusi na sarufi ya lugha. Ilitengenezwa na SIL, shirika la utafiti wa lugha, kwa ajili ya watafiti wa lugha zinazozungumzwa, ila hakuna kinachoizuia kubeba sarufi ya lugha uliyoibuni mwenyewe. Ni ya bure, inakwenda kwenye Windows na Linux. Toleo la Mac halipo. Naitumia kwa lugha yenye ngeli na vitenzi vilivyojaa viambishi, na kwa kazi hiyo sijaona inayoishinda.

Kabla ya kuanzisha mradi wako, fungua mradi wa mfano unaokuja na programu. Ni wa Kisena, lugha ya Kibantu ya Msumbiji, na mzungumzaji wa Kiswahili atazielewa ngeli zake bila kufundishwa. Ukianza wako utaulizwa msimbo wa lugha, yaani herufi chache za kuitambulisha. Kati ya lugha za kuundwa, Kiesperanto kina epo, Kiklingoni tlh. Yako haimo, kwa hiyo chagua lugha isiyoorodheshwa upewe msimbo unaoanza na qaa. Usiazime wa lugha nyingine, maana siku utakapoihamisha kamusi, maneno yako yatatambulika kama ya wenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Chukua neno lwato, yaani mtoto katika lugha yangu: kiambishi lu- na mzizi -ato. Kwenye kamusi ingiza lu- kama umbo la msingi, kisha alomofu (umbo jingine la kiambishi hichohicho) lw- yenye mazingira / _ [V], yaani mbele ya irabu. Hiyo V ni kundi la irabu, nalo huundwa kwanza kwenye sehemu ya sarufi. Halafu eleza kiambishi ni cha aina gani: cha kisarufi, kama vya ngeli na njeo, au cha kuunda neno jipya. Wengi wanakwama hapa. Kiambishi cha kisarufi kisipopewa nafasi kwenye kiolezo cha nomino (mpangilio wa viambishi vyake), neno halichanganuliwi kabisa, yaani programu haiwezi kuligawa katika viambishi na mzizi. Ukikiacha bila aina, kinakubalika ovyo, na neno moja linaletewa uchanganuzi mwingi usio na kichwa wala miguu.

Vichanganuzi, yaani sehemu za programu zinazofanya kazi hiyo ya kugawa maneno, viko viwili. XAmple hufuata alomofu ulizoorodhesha. HermitCrab hutumia kanuni za kifonolojia, kwa hiyo ile ya u kugeuka w mbele ya irabu unaiandika mara moja, badala ya kuongeza alomofu kwa kila kiambishi. Mimi nimebaki na hiki cha pili, japo kinadai orodha ya fonimu (sauti za msingi za lugha) iwe kamili. Herufi moja ikikosekana, maneno yenye herufi hiyo yanagoma. Ukigomewa, fungua dirisha la kujaribu neno, uandike lwato, nalo litakuonyesha uchanganuzi umekwama wapi. Jaribu na maumbo mabovu pia, kama atolu: likikubalika, kiolezo chako kinavuja.

Udhaifu mkubwa ni kwamba uchanganuzi unaishia kwenye neno. Nomino ya umoja ikifuatwa na kivumishi chenye kiambishi cha wingi, programu haisemi kitu, hata kama sifa za ngeli umezijaza vizuri. Upatanisho wa sentensi utaukagua kwa macho: weka matini ya sentensi za majaribio, zichanganue mstari kwa mstari, na kila ukibadilisha kanuni uzipitie upya. Muhtasari wa sarufi unaotolewa na programu nao ni mifupa tu. Unaorodhesha fonimu, violezo na viambishi. Sura ya vishazi rejeshi au ya ukanushaji utaiandika mwenyewe.

PolyGlot, programu ya wabunifu wa lugha, nayo ya bure, inakwenda upande wa pili: unaipa kanuni, inakuzalishia jedwali la maumbo ya kila neno. Kwa anayetaka majedwali tu, hiyo ni nyepesi zaidi. Na kama lugha yako haina viambishi, mfano wa toki pona (lugha ya kuundwa yenye maneno machache), FLEx ni mzigo wa bure; lahajedwali inatosha. Mabadiliko ya sauti kutoka lugha mama (ile ya kale) hadi lugha binti (iliyotokana nayo) usiyatafute humu kabisa, fanyia kwenye SCA2, programu ya kubadilisha sauti za maneno kwa kanuni, ndipo ulete maneno yaliyokamilika.