Nyimbo za kujaribia sabufa ya gari kabla hujalipa: ipi ianze, ipi ifuate

Ukienda kununua sabufa kwenye maduka ya redio za magari pale Mwanga, Kigoma, muuzaji atachomeka flashi yake. Wimbo atakaoupiga ni ule ambao kila sabufa dukani huuimba vizuri: besi moja ndefu, kifua kinatikisika, vioo vinalia, nawe unatoa pesa. Baadaye, ukiwa njiani kwenda Kasulu, unagundua kila wimbo unatoa mvumo uleule. Nenda na flashi yako, yenye nyimbo unazozijua mwanzo hadi mwisho. Hizi nimezipanga kuanzia zile zinazofichua mengi zaidi.

1. Rumba ya Kikongo, rekodi za miaka ya karibuni

Hii naiweka juu ya zote, na sisi tunaoishi huku ng'ambo ya ziwa tuna bahati kwamba masikio yetu yameizoea tangu utotoni. Sababu ni gitaa la besi. Waya mnene kabisa wa gitaa la nyaya nne hutoa takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Gitaa la nyaya tano hushuka hadi 31. Kazi ya sabufa ya gari ni sauti za chini ya hezi 80 hivi, kwa hiyo noti nzito za mpiga besi zinaangukia humohumo.

Anza na kipande cha taratibu, kabla ya sebene. Mpiga besi anapanda na kushuka. Mfuate kwa mdomo. Ukiweza kuitambua kila noti, hiyo sabufa ina kitu. Ikiwa noti moja inawazidi wenzake kwa mbali, kila ikipigwa gari zima linavuma, mara nyingi tatizo ni boksi: ukubwa wake haulingani na spika, au tundu lake la kupitisha hewa limekatwa kwa kukisia. Hilo fundi anaweza kulirekebisha, na ni vizuri mkalizungumza hapohapo dukani.

Sebene likiingia, acha kusikiliza noti, sikiliza kimya kilichopo katikati yake. Mpiga besi anachapa waya na kuuzima papo hapo kwa kiganja. Sabufa imara inanyamaza pamoja naye. Dhaifu inaendelea kuguruma wakati mpiga besi ameshamaliza, na ndiyo itakayokuchosha masikio safarini.

Usitumie rekodi za zamani kwa kazi hii. Dansi la miaka ya 1960 na 1970 lililorekodiwa Radio Tanzania nalipenda sana, lakini besi ya chini kabisa ni hafifu kwenye rekodi hizo. Utailaumu sabufa bure.

2. Mwanaume anayeongea

Huu si muziki, ila sikubali kununua bila kuupitia. Fungulia redio wakati wa taarifa ya habari, asome mwanaume mwenye sauti nzito. Sauti ya kawaida ya mwanaume huanzia karibu hezi 85 kwenda juu, kwa hiyo sabufa iliyokatwa kwenye hezi 80 (amplifaya imewekwa isiipelekee sauti za juu ya hapo) haitakiwi kumsemea. Kaa kiti cha dereva, funga macho. Ukimsikia msomaji yuko mbele yako, sawa. Ukimsikia anaongelea kwenye buti, mwambie fundi ashushe mkato kwenye amplifaya, kisha usikilize tena. Kwaya yenye sauti nzito za wanaume inafaa vilevile.

3. Singeli

Kasi ndiyo mtihani wake. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila shida. Ikifika 240, hayo ni mapigo manne kwa sekunde moja. Kila pigo lisikike limesimama peke yake. Yakigandamana yakawa ngurumo moja, koni ya spika, ile sehemu inayocheza mbele na nyuma, haitulii kabla ya pigo linalofuata.

4. Amapiano

Ule mdundo wake mzito huteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, na mteremko huo usikike wote, usipotelee katikati. Wakati unapigwa, zunguka nyuma ya gari uweke kiganja juu ya mlango wa buti. Pleti namba ikitetema, hiyo ni skrubu tu, ikazwe. Ukisikia upepo ukifoka kwenye tundu la boksi, tundu ni dogo.

5. Rege

Besi iko mbele, polepole, na nafasi ni nyingi. Inafaa kwa usiku, lakini baada ya rumba haitakuambia jipya.

6. Hip-hop yenye besi ndefu ya 808

Mashine ya ngoma Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, na mdundo wake mrefu ndio umejaa kwenye flashi za wauzaji. Nimeuweka mwisho kwa sababu hata sabufa hafifu huuimba ikapendeza. Faida yake ni kupima pumzi ya amplifaya. Ucheze sauti ikiwa juu kwa dakika chache, injini ikiwa imezimwa, kisha injini ikiwa imewashwa, maana hapo umeme hupanda kutoka volti 12 na ushee hadi karibu 14. Besi ikilegea kila pigo na taa zikafifia, waya wa umeme ni mwembamba au betri imechoka. Ukinusa harufu ya kuungua, zima mara moja.

Mafaili yawe MP3 ya kbps 320 au WAV. Wimbo uliotumwa na kutumwa tena WhatsApp haufai. Zima "bass boost" na "loudness", na ikwalaiza iwe kwenye sifuri kote. Unapolinganisha sabufa mbili, hakikisha zinapiga kwa ukubwa uleule wa sauti, maana inayopiga juu zaidi hudanganya kila sikio.

Jaribio lifanyike ndani ya gari lako, milango na buti vimefungwa. Sabufa iliyopangwa ukutani dukani husikika tofauti kabisa ikiingia kwenye Noah au Probox. Duka likikataa kuifunga kwa muda kabla ya malipo, omba walau wakuandikie kwenye risiti kwamba utairudisha au kubadilisha ndani ya siku mlizokubaliana.