Shati jeupe la adui: huduma ya maleba na mekapu jirani na Makoroboi, Mwanza

Mwezi uliopita tulimaliza kupiga filamu yetu fupi ya dakika 35 katika mwalo mmoja wa Igombe, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki kando ya ziwa, na kazi yote ya maleba na mekapu tuliwapa wanawake wawili wanaoshirikiana katika chumba kimoja cha ghorofani, jirani na Makoroboi. Mmoja ni fundi cherehani wa miaka mingi, ambaye sote tulimwita Mama. Mwingine ni dada mpambaji, ambaye Jumamosi hupamba maharusi na siku nyingine hupamba waigizaji. Naandika tathmini hii kwa ajili ya watayarishaji wenzangu wa Kanda ya Ziwa, hasa wale wasio na fedha za kufuata wataalamu Dar es Salaam, ambao wamezoea kumwambia kila mwigizaji aje na nguo zake kutoka nyumbani.

Adui wa filamu yetu (natumia neno adui kwa kuwa ndilo watazamaji wa vibanda vya video wanalolitumia, na linatosha) ni tajiri wa mitumbwi. Huwakopesha wavuvi nyavu na injini, huwakopesha wanawake wa dagaa mtaji, kisha huchukua mzigo wao kwa bei anayoipanga mwenyewe. Hapigi mtu wala hapazi sauti. Katika skripti nilikuwa nimemwandikia koti jeusi la ngozi, miwani myeusi, mkufu wa dhahabu na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Mama alisoma ukurasa ule, akauweka mezani juu ya vitambaa vyake, akaniuliza: “Mwanangu, huyu mtu nani anamfulia?”

Sikuwa na jibu. Akauliza la pili: asubuhi anakunywa chai ya nini, na anainywea wapi? Kisha la tatu: mwaloni pale, ni nani asiyenuka samaki? Kikao hicho kilichukua karibu saa mbili, hakikutozwa hata shilingi, na mpaka kinakwisha hakuna aliyekuwa amegusa futi ya kupimia. Nimefanya kazi na mafundi wengine ambao swali lao la kwanza ni kipimo cha kiuno, kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika kwamba saa mbili hizo ndizo zilizobeba thamani kubwa ya malipo yetu.

Walichofikia ni shati jeupe la mikono mirefu, lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Aliyewahi kufika mwaloni alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake bado zinawaka, ataelewa mara moja uzito wa shati hilo. Pale kila mtu ana magamba mikononi, ana maji ya samaki magotini, na amevaa jezi au fulana ambayo rangi yake ya kwanza haitambuliki tena. Mtu anayepita katikati ya watu hao akiwa mweupe pe, bila doa, anaonyesha kabla hajafungua kinywa kwamba kazi ya mahali pale haimgusi, ingawa faida yake yote inatoka pale. Na kwa kuwa lile swali la nani anamfulia lilikuwa bado linadai jibu, tuliandika tukio jipya: anayelifua shati ni mama mmoja wa dagaa anayedaiwa, na kulifua ndiyo riba ya mkopo wake. Tukio hilo halikuwamo kabisa katika skripti ya awali, na kwa maoni yangu linapita yote tuliyopiga.

Mama alishona mashati matatu yanayofanana kila kitu isipokuwa kola. La kwanza lina kola ya inchi 16, la pili 15 na nusu, la tatu 15. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini mwigizaji anaisikia shingoni, na kadiri wavuvi wanavyoanza kumgeuka tajiri yule, ndivyo kola inavyomkaba. Katika tukio la mwisho, mtu anapomwita kutoka nyuma, anageuza kiwiliwili chote badala ya shingo. Sikumwelekeza kufanya hivyo. Kola ilimlazimisha, na mwigizaji, kwa kipaji chake, akaitumia.

Kulikuwa na tatizo la mwanga, ambalo kila anayepiga picha kando ya ziwa analijua. Jua la saa nne, pamoja na mwako unaorudi kutoka majini, huunguza kitu cheupe kwenye kamera hadi mikunjo ya kitambaa ipotee na mtu abaki kama karatasi inayotembea. Mama aliyachovya mashati kwenye beseni la chai ya rangi iliyopoa, akayaacha dakika kama kumi, akayasuuza na kuyaanika kivulini. Ukilishika shati hilo mkononi lina rangi ya mtindi. Kwenye skrini ni jeupe, na kila mshono unaonekana. Mpiga picha wetu, ambaye huwa mgumu wa kusifu, aliomba afundishwe.

Kuhusu mekapu, jambo la kwanza la kueleza ni kwamba mekapu ya adui ilianzia kwa watu wengine. Dada aliwakausha wavuvi midomo kwa poda, akawachora mikunjo midogo pembeni mwa macho, ile ya watu waliokunja uso juani miaka mingi, na akawapaka wanawake wa dagaa vumbi jepesi hadi kwenye viwiko. Adui mwenyewe hakupata rangi yoyote ya kutisha. Alipata mafuta ya mgando kidogo mikononi na midomoni, kucha zilizokatwa na kusuguliwa kwa kitambaa hadi zikang'aa, na faundesheni ya kusawazisha ngozi tu. Kuna picha moja ya karibu ambayo mkono wake unapokea noti kutoka mkononi mwa mama wa dagaa: mkono unaotoa umepasuka kwa jua na mchanga, unaopokea unang'aa kama umetoka kuogeshwa. Picha hiyo inakaa kwenye skrini sekunde nne, na mtazamaji akishaiona hahitaji kuambiwa jambo lolote zaidi kuhusu mtu huyo.

Kovu nililitetea kwa nguvu, nikashindwa. Dada alisema kwamba mwaloni kovu ni alama ya kazi. Kisu cha kupasulia sangara, kamba ya wavu na moto wa karabai vimewachora watu wema wengi, na anayekaa mbali na kazi hizo ndiye mwenye uso mzima. Baadaye nilikumbuka kwamba Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilitangaza mwaka 2018 kuwa haitafadhili tena filamu zinazotumia kovu la usoni kama alama ya uovu wa mhusika, kwa sababu ya madhara yanayowapata watu wenye nyuso zilizoumia. Mwaka huohuo, filamu ya Marekani ya Black Panther ilituonyesha adui wake, Killmonger, akiwa amejaa makovu kifuani na mikononi, lakini pale kila kovu linahesabu mtu mmoja aliyemuua, na hesabu hiyo ameiandika mwilini kwa hiari yake. Kwangu mimi tofauti iko hapo. Kovu la Killmonger lina habari yake. Kovu langu nilikuwa nimelibandika kwa sababu nimeliona usoni mwa maadui wengine.

Heath Ledger alipoigiza Joker, adui wa Batman, katika filamu ya mwaka 2008 ya The Dark Knight, rangi ya usoni ilifanywa ionekane kama mhusika amejipaka mwenyewe, na mpambaji alikuwa akiipaka huku mwigizaji akikunja uso, ili ipasuke kwenye mikunjo. Nikitazama rangi ile sasa namsikia Mama na swali lake la nani anamfulia. Kwa Joker swali ni nani anampaka. Jibu likiwapo, hata doa linakuwa na sababu ya kukaa lilipo.

Lakini kilichonifanya niwaheshimu zaidi ni jambo walilokataa. Adui wetu anaishi na bibi yake, na nilikuwa nimeandika kwamba macho ya bibi huyo ni mekundu, ili mtazamaji ashuku kuwa utajiri wa mjukuu una mkono wa uchawi. Dada alifunga kisanduku chake cha rangi. “Kaka, macho mekundu sitampaka mzee wa watu,” alisema, tena kwa upole. Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila aliyelelewa Usukumani analijua na ambalo mimi nilikuwa nimeandika kana kwamba silijui: vikongwe wameuawa katika mikoa yetu, Mwanza, Shinyanga na jirani zake, kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa wekundu wa macho, macho ambayo moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe uliyaharibu kwa miaka mingi ya kuwapikia watu hao hao waliowatuhumu. Filamu yetu imekusudiwa kuoneshwa vijijini. Tungempaka mwigizaji wetu wekundu huo ili watu wamwogope, tungekuwa tumewaambia watazamaji kwamba waliouawa waliuawa kwa haki.

Nilinyamaza kwa muda, kisha nikafuta mstari ule mbele yao. Badala ya macho, Mama alimshughulikia bibi kwa nguo: alimvika kanga iliyopauka, iliyotoboka ukingoni, ndani ya nyumba ya mtu mwenye mitumbwi kumi na miwili. Mjukuu mwenye shati la chai na kucha zinazong'aa anakaa meza moja na bibi mwenye kanga hiyo, na ubaya wake unaonekana waziwazi bila kumtwisha mzee yule mzigo wowote.

Upande wa usalama wa ngozi pia walinipendeza. Siku moja kabla ya kupiga picha, Dada alijaribu kila kipodozi kwenye mkono wa kila mwigizaji, upande wa ndani, akasubiri. Aliwauliza wote kama wanatumia krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa zile zenye zebaki, zilizopigwa marufuku nchini, huiacha ngozi ikiwa dhaifu. Tahadhari hiyo ina historia: Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi katika filamu ya mwaka 1939 ya The Wizard of Oz, alipakwa rangi ya kijani yenye shaba, na alipoungua katika tukio la moto ilibidi rangi hiyo isuguliwe upesi juu ya ngozi iliyoungua. Dada vilevile huchanganya faundesheni mbili au tatu hadi apate rangi ya mtu aliye mbele yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeonekana wa majivu kwenye skrini, tofauti na filamu yetu ya kwanza.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo, na moja ilitugharimu. Shati la tatu lilichovywa peke yake siku ya pili, katika chai nyingine, likatoka limekolea kuliko mawili ya kwanza. Tuligundua tukiwa Igombe, jua limekwisha panda, na tukio lililokuwa na mashati mawili tofauti ikabidi lipigwe jioni. Kasoro ya pili ni kumbukumbu: hawakupiga picha za mwigizaji mwisho wa kila tukio, hivyo siku ya tatu tulibishana robo saa juu ya gamba la samaki lililokuwa limenata kwenye mkono wa shati. Je, lilikuwa la kushoto au la kulia? Gamba lile lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ndilo doa la kwanza linalompata adui, na mtazamaji makini angeliona likihama. Hatimaye tulilipata kwenye picha za simu ya mwigizaji mmoja. Tena, siku ya Jumamosi Dada aliondoka saa sita kwenda kwa bibi harusi, jambo alilotueleza mapema, lakini tulibaki na jasho la watu watano bila mtu wa kulifuta na kurudishia poda.

Kwa siku nne za kupiga picha, mashati matatu, suruali moja, nguo za bibi na mekapu ya waigizaji watano, tulilipa shilingi 420,000, nusu kabla na nusu baada, na nauli ya kwenda Igombe juu yetu. Risiti tulipewa. Mashati yamebaki mali yetu. Kwa kazi ya harusi au matangazo sina la kusema, kwa kuwa sijawatumia huko. Kwa filamu yenye mtu mbaya anayepaswa kueleweka, nawapendekeza bila kusita. Atakayekwenda apeleke skripti nzima wala asipeleke orodha ya nguo, ahakikishe nguo zote za mhusika mmoja zinachovywa katika beseni moja siku moja, ateue mtu wake wa kupiga picha za kumbukumbu, na aepuke Jumamosi.

Mimi nimekwisha kuwapelekea kurasa za kwanza za filamu ijayo. Mama alizisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia, na akataka kujua adui wa safari hii huamka saa ngapi, na akiamka nani wa kwanza kumwamkia.