Nilipiga picha mti usio wenyewe: siku yangu Anuradhapura

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano iliungua pamoja na nyayo zangu.

Nilikodi bajaji na mwongozaji wa nusu siku kwenda kuuona Jaya Sri Maha Bodhi, mti mtakatifu wa Wabuddha pale Anuradhapura, Sri Lanka. Mwongozaji anajua kazi yake, ila hakunitahadharisha kwamba viatu na kofia huvuliwa nje, na tulifika saa saba mchana. Saa hizo chini ni kikaango. Akina mama wazee waliovaa nyeupe walipita taratibu na mayungiyungi yao mkononi, mimi naruka-ruka kama kuku. Beba soksi, au nenda alfajiri.

Mti wenyewe ni jamaa ya mkuyu. Inasemwa ulipandwa mwaka 288 KK, kwa hiyo nilitarajia jitu. Nikaona mmoja mnene, nikaupiga picha kama ishirini hivi. Mwongozaji akanigusa bega: huo mlinzi tu. Mwenyewe yuko juu ya jukwaa, nyuma ya uzio wa dhahabu, mwembamba, matawi yameegemezwa kwenye nguzo za dhahabu kama mzee aliyeshikwa mikono na wajukuu. Huruhusiwi kuusogelea.

Pesa yangu ilirudi kwenye hadithi. Tulikaa kivulini akasimulia: mti mama ulikuwa Bodh Gaya, India, ule ambao Buddha alipata nuru chini yake. Mfalme Ashoka hakuthubutu kuukata kwa chuma. Alichora mstari mwekundu kwenye tawi, nalo likakatika lenyewe na kutua ndani ya chungu cha dhahabu. Binti yake, mtawa Sanghamitta, akalisafirisha kwa jahazi kuja Sri Lanka, ndilo likawa mti huu. Baharini majoka yakataka kuliiba, yeye akajigeuza ndege mkubwa, yakanywea. Kisha yakamwomba yaliabudu kwanza siku saba, akayakubalia! Hapo nilisahau miguu.

Siku za Poya, mwezi ukiwa mpevu, watu hufurika. Mimi nilikwenda siku ya kawaida na bado kulikuwa na foleni ya maua.

Tukiwa tunaondoka jani moja likadondoka, umbo la moyo lenye ncha ndefu kama mkia. Bibi mmoja akaliwahi, akaligusisha kwenye paji la uso, akalifunga ndani ya leso. Nikatazama chini kama lipo lingine. Halikuwepo.